Breki za Theodory

Inspekta Anifa Shomari hakumwamini mtu anayekiri kabla hajabanwa. Katika kazi yake ya upelelezi alishazoea waongo wa kila namna, wanaolia, wanaoapa, wanaojifanya viziwi, na wote hao alijua pa kuwashikia. Aliyempa taabu ni huyu aliyeketi mbele yake asubuhi hiyo katika kituo cha Babati, mikono juu ya meza, akimsihi aandike upesi yaishe.

"Andika, afande," Pantaleo Margwe alisema. "Mimi ndiye niliyemuua kaka yangu."

"Ulimuua, au ulikosea akafa?"

"Kuna tofauti gani?"

"Tofauti yake ni miaka mingi ya jela. Usiniharakishe."

Kisa chenyewe mji mzima ulikuwa unakijua, na kila mtu alikuwa na lake la kuongeza. Theodory Margwe, mwalimu wa sekondari, alikuwa anateremka mlima Magara akitoka Mbulu na mkewe Otilia, Carina yake ya zamani imejaa magunia ya viazi. Karibu wafike chini, kona moja ikawashinda, gari likaingia korongoni. Theodory alikata roho pale pale. Otilia alitolewa na mkono uliovunjika na maneno ambayo hakuyabadilisha hata mara moja: breki zilizama. Alimwona mumewe akikanyaga mpaka pedali ikagusa sakafu, na gari likazidi kwenda.

Sasa, breki hizo zilikuwa mpya. Zilibadilishwa Jumamosi iliyotangulia, uani kwao Maisaka, na Theodory mwenyewe akisaidiwa na mdogo wake Pantaleo, dereva wa Fuso anayeishi Bonga. Na ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani tangu msiba wa baba yao, kwa sababu mmoja alitaka mzee azikwe shambani Mbulu na mwingine akamzika Babati. Otilia alisema mbele ya askari kwamba shemeji yake kammalizia mume. Pantaleo alikamatwa akiwa bado na udongo wa kaburi la kaka yake kwenye viatu.

"Nieleze hiyo Jumamosi," Anifa alisema. "Tangu mlipoanza. Nieleze kama mtu asiyejua gari."

Pantaleo alivuta pumzi. Habari za chuma zilimtoka kwa urahisi kuliko habari za kifo.

"Tulipandisha jeki. Magurudumu ya nyuma tukayawekea mawe. Tulipofungua la mbele kushoto tukakuta kutu imekula kila kitu. Bolti za kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, zikakataa, tukazimwagia dizeli, tukasubiri, tukagonga na nyundo. Pedi zilikuwa zimekwisha mpaka chuma kinasaga diski. Tukaweka diski mpya, pedi mpya. Pini zilizoshikana tukazipiga msasa na grisi. Na ile paipu ya mpira ilikuwa imepasuka, tukaibadilisha. Ukibadilisha paipu, lazima utoe upepo."

"Unautoaje?"

"Mmoja anakaa ndani anakanyaga pedali. Mwingine yuko chini, anafungua kinati kidogo kwenye kalipa, hewa inatoka pamoja na mafuta ya zamani. Juu kwenye injini kuna kikopo, unakiongezea mafuta mapya ya breki, mpaka chini yatoke masafi bila povu. Mimi nilikaa ndani. Theo alikuwa chini. Siku nzima tulisemezana maneno mawili. Yeye aliniambia kanyaga, akaniambia achia. Basi."

"Na kosa lako liko wapi?"

"Kinati cha kushoto. Mwisho wa kazi mimi ndiye niliyekagua vinati, na hicho nikasahau kukikaza. Mafuta yakavuja njiani yakaisha. Andika hivyo."

Anifa hakuandika. Alifungua faili, akasoma karatasi ya mkaguzi wa magari taratibu, kama hana haraka ya maisha.

"Gurudumu la kushoto ni kavu. Kikopo kimejaa. Kinati hicho unachosema, mkaguzi wetu alikifungua kwa mikono miwili na spana. Ulikikaza vizuri sana, Pantaleo."

"Basi ni cha kulia."

"Nacho kimekazwa."

Anifa aliweka kalamu chini. Mtu anayejisingizia kosa ana mtu anayemficha, hilo halikuhitaji elimu ya chuo cha polisi. Tena kulikuwa na jambo jingine lililomkaa kichwani katika maelezo yale.

"Umenieleza kazi ya kutwa nzima, na hakuna aliyekula."

"Tulikula."

"Wakati gani?"

"Katikati ya kutoa upepo. Mama alituita."

"Na kikopo cha mafuta mlikiacha na mfuniko au bila mfuniko?"

Pantaleo aligeukia dirisha.

"Afande, nakuomba. Andika nilisahau kukaza. Saini nitaweka."

Carina ilikuwa imeegeshwa nyuma ya kituo, pua imepondeka, kioo cha mbele hakipo. Koplo Konstantini, mkaguzi wa magari, alikuwa amelizunguka gari hilo siku mbili na alikuwa amelichoka.

"Afande, ukweli ni kwamba breki ni nzima," alisema. "Ingia ukanyage mwenyewe."

Anifa aliingia, akakanyaga. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, haikuzama hata kidogo. Alikanyaga tena, kwa nguvu zote, matokeo yakawa yale yale. Kwa ushahidi huo Otilia alikuwa mwongo, au alikuwa amechanganyikiwa, au marehemu alisinzia na mkewe anamfichia aibu. Wakubwa wake walikuwa wameanza kuipenda hii ya mwisho.

Alishuka, akainua kilichobaki cha boneti. Karibu na betri, kwenye waya, kulikuwa na ukuti mkavu uliosokotwa na kufungwa kwa uzi mwekundu.

"Hii nini?"

"Tawi la Jumapili ya Matawi," Konstantini alisema. "Wakatoliki hao. Hata mimi la kwangu mama alinifungia, lakini langu liko kwenye kioo. Boneti hapana, hii sijaiona."

Anifa, mzaliwa wa Kondoa na binti wa shehe, aliutazama ukuti ule kwa muda, kisha akauacha mahali pake.

"Niambie jambo moja. Breki inaweza kuzama mlimani, halafu ikikaa ikarudi yenyewe?"

Konstantini alikuna kichwa. "Inaweza, kama mafuta yamechemka. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu. Yakipoa, breki inarudi. Lakini mafuta ya breki hayachemki ovyo, afande, na haya ni mapya. Huyu angeteremka Magara mara tatu yasichemke."

"Toa kidogo."

Konstantini alifungua kinati cha kulia akakinga mafuta kwenye kizibo cha chupa. Kisha akatoa stoo kopo lao wenyewe la mafuta ya breki, akakinga kizibo cha pili. Jiko la karibu lilikuwa la Mama Kindness, anayewauzia chai askari chini ya turubai. Anifa alimwomba vijiko viwili.

"Hivyo ni vya sukari, afande," Mama Kindness alisema.

"Nitakununulia vingine."

"Nyie mnasemaga hivyo."

Hata hivyo alivitoa. Konstantini alimimina kila kizibo kwenye kijiko chake, akavishika kwa kitambaa juu ya mkaa, kimoja kila mkono. Mafuta ya kopo yalitulia tu. Yale ya Carina yalianza kutoa vipovu mapema, yakachachamaa, mvuke mweupe ukapanda, na tone moja likaruka likalia juu ya mkaa. Mama Kindness alirudi nyuma.

"Maji," Konstantini alisema. "Humu kuna maji."

"Ya sabuni?" Anifa aliuliza. Alishasikia madereva wa porini wakiishiwa mafuta ya breki huweka maji ya sabuni ili wafike.

Konstantini alisugua tone kati ya vidole. "Hayana utelezi wa sabuni wala povu. Ni maji matupu. Na yameshuka mpaka kwenye kalipa, maana yake yaliwekwa kabla hawajamaliza kutoa upepo. Waliyavuta wenyewe kwa kukanyaga." Alitupa kizibo chini. "Dereva wa Fuso hawezi kuweka maji kwenye breki, afande. Labda awe anataka kuua."

Hapo ndipo wengine wangefunga faili. Mtu mwenye ujuzi, ugomvi wa siku nyingi, maji ndani ya breki, na kukiri juu yake. Anifa mwenyewe, kwa dakika kadhaa, aliiona kesi imekamilika, na hakuipenda. Muuaji mwenye akili ya kuweka maji asingekuja kusingizia kinati. Angenyamaza, maana gari lenyewe lilikuwa linamtetea.

Otilia alikuwa Nakwa, kwa dada yake, mkono umefungwa plasta mpaka begani. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amelia mpaka akafika mahali ambapo machozi hayaji tena.

"Pole sana, mama," Anifa alisema.

"Asante. Amekiri?"

"Anataka kukiri. Nataka unisaidie jambo dogo. Mafuta ya breki waliyotumia, yalitosha?"

"Yalitosha na kubaki. Kopo liko stoo, halijafika hata nusu." Alimtazama Anifa. "Kwa nini?"

"Walipoingia kula ilikuwaje?"

"Ilikuwaje? Kila mtu na kona yake. Mama ndiye aliyewalazimisha kufanya ile kazi, afande. Theo alitaka kupeleka gari gereji. Mama akasema hapana, una ndugu fundi, mtafanya hapa nyumbani nikiwaona. Alidhani wakishika spana pamoja watasemezana." Otilia alitikisa kichwa. "Hawakusemezana. Hata jioni Theo aliniambia, huyu Panta bwana, tumetoka kula nakuta kikopo kimejaa, kajaza mafuta na hata kusema hasemi."

Anifa aliacha kuandika.

"Hakumuuliza?"

"Amuulize vipi? Walikuwa hawaulizani kitu."

Na bila shaka Pantaleo naye, aliporudi kutoka mezani na kukiona kikopo kimejaa, alisema moyoni huyu Theo kajaza bila kusema. Swali moja tu, wewe ndiye umeongeza, lingetosha. Wangekimwaga kile kikopo, wakaanza upya, na Theodory angekuwa darasani siku hiyo anasahihisha madaftari. Anifa alikuwa amekutana na vifo vya ulevi na vya wivu, akavizoea. Hiki kilimuuma, akashindwa kuficha usoni.

"Wakati mnakula, nani alikuwa nje?"

"Hakuna mtu. Mama tu. Alikuwa na novena yake, zile sala za siku tisa, hakula."

"Na lile tawi kwenye boneti?"

"Ni yeye. Kila mwaka anamfungia Theo." Otilia alikunja uso. "Afande, Panta amefanya nini hasa?"

"Nitarudi nikwambie," Anifa alisema, na alijua kwamba kwa vyovyote vile atakavyorudi, hatakuwa na habari njema.

Mama Natalia, mama mzazi wa Theodory na Pantaleo, alikuwa peke yake nyuma ya nyumba, Maisaka, juu ya kigoda. Waombolezaji walikuwa wameondoka, viti vya kukodi vimepangwa ukutani vikisubiri kuchukuliwa. Pale uani bado palikuwa na doa la dizeli na mawe mawili yaliyozuia magurudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea Pantaleo?"

"Bado, mama. Nimekuja ili atoke."

Bibi alimkaribisha kiti. Alikuwa mdogo wa mwili, kanga nyeusi kichwani, na lafudhi ya Mbulu iliyobana maneno kooni. Anifa alimweleza kwamba atauliza, ataandika, kisha atamsomea alichoandika, ndiyo sheria. Bibi alikubali. Alipoulizwa juu ya Jumamosi ile, uso wake ulifunguka kidogo, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama.

"Nilikaa pale mlangoni nikawaangalia. Tangu tumzike baba yao sikuwahi kuwaona wameinamia kitu kimoja. Nikasema, Mungu, sasa unaweza kunichukua."

"Walipoingia kula, wewe ulibaki nje."

"Nilibaki. Nilikuwa na kazi yangu." Alisema bila wasiwasi wowote. "Asubuhi Theo alinionyesha. Aliniambia, mama, breki zote zinaanzia kwenye hiki kikopo. Mimi matairi nimeyanyunyizia maji ya baraka miaka yote, na tawi nimefunga. Nikajiambia, kumbe sijawahi kubariki pale zinapoanzia. Na kikopo kilikuwa wazi, kimepungua. Nikaleta maji ya Pasaka nikamimina."

Kuku alipita kati yao. Anifa aliandika.

"Uliwaambia vijana?"

"Wangenicheka. Theo na usomi wake." Alizikunja pindo za kanga. "Lakini nakwambia, mwanangu, kitu kimoja kinanikosesha usingizi. Nilimimina nusu. Chupa ilikuwa na maji kidogo, nikamwekea Pantaleo nusu nyingine kwa ajili ya lori lake, nisije nikampendelea mmoja. Siku ya mazishi nilimweleza, nikamwambia aichukue, hakuichukua. Iko ndani mpaka sasa. Nalala nawaza, ningemmiminia Theo yote, mwanangu angefika."

Anifa Shomari alikuwa amehoji majambazi bila kupepesa. Sasa alitazama karatasi, akaona maandishi yake mwenyewe kama ya mtu mwingine. Angeweza kuichana. Lakini faili lingekwenda kwa mwanasheria wa serikali likiwa na kukiri kwa Pantaleo na maneno ya Otilia, na huyu bibi aliyekwisha kumzika mmoja angemkosa na wa pili. Maelezo haya ndiyo mlango pekee wa kumtoa Pantaleo mahabusu. Alijilaumu kwa kuwa mwangalifu. Angekuwa mvivu kidogo, leo angekuwa anaandika kwamba marehemu alisinzia.

Alisoma alichoandika kwa sauti, pole pole, akiweka neno juu ya neno. Kisha akafungua kibati cha wino.

"Kama ni maneno yako, mama, weka dole gumba hapa."

Bibi hakunyoosha mkono.

"Umeandika maji tu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sikusikia jeki. Sikusikia kutu wala nyundo, na nimekueleza yote hayo. Umeandika chupa, kikopo, na nusu. Polisi hawaandiki kitu kisicho na kazi."

"Ni mlima, mama. Mlima, na ule mzigo wa viazi."

Bibi aliutazama mtandio wa Anifa, halafu uso wake.

"Wewe ni Mwislamu. Kwenu mnaruhusiwa kumdanganya mfiwa?"

Anifa alikuwa na majibu mengine mawili tayari. Akayaacha.

"Breki zikishuka mlima mrefu zinapata moto," alisema. "Mafuta yale hayachemki. Maji yanachemka."

Midomo ya bibi ilisogea bila sauti, na haikujulikana kama anasali au anahesabu kona za Magara. Hakulia. Upande wa barabarani bodaboda ilipita ikipiga honi.

"Pantaleo anajua?"

"Anajua. Amejisingizia ili wewe usijue."

"Ndiyo tabia yake tangu mtoto," bibi alisema. "Leta huo wino."

Alibonyeza kidole kwa nguvu, mpaka Anifa akalazimika kumwinua mkono. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ndogo ya plastiki yenye maji yasiyofika nusu, akaiweka juu ya karatasi bila kuambiwa.

"Atatoka leo?"

"Leo hii, kabla ya jioni. Nitamleta mwenyewe hapa."

"Hapana. Mpeleke Nakwa kwa Otilia kwanza, wasameheane."

"Atataka kukuona wewe, mama."

"Najua." Bibi alikaa tena kwenye kigoda, mgongo wima, macho kwenye lile doa la dizeli. "Lakini hapa asije leo. Nitamtazama kwa jicho gani?"